Mzabibu Uliovuka Ua wa Minyaa

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana mbuzi waliokuwepo wameshaliwa na wajukuu wa mbuzi hao wameshaliwa pia, palikuwa na kijiji kiitwacho Chilolwa, huko Ugogo, penye udongo mwekundu na upepo usiojua adabu. Watu wa Chilolwa walilima uwele kwa ajili ya tumbo, na zabibu kwa ajili ya mengineyo. Zabibu zao zilikuwa nyeupe. Shamba la kwanza nyeupe, shamba la mwisho nyeupe. Mtu wa Chilolwa hakuwa na haja ya kusema "zabibu nyeupe", kama vile wewe huna haja ya kusema "maji yaliyolowa".

Katika kijiji hicho aliishi Sechelela na mumewe Ndahani. Siku ya pili baada ya harusi yao, Ndahani alipanda mzabibu mmoja kandokando ya ua wa minyaa uliotenganisha shamba lake na shamba la jirani yake, Chedego. Alikuwa na mizabibu mingine, lakini huo aliupenda kuliko yote. Msimu wa kupogoa ukifika, alivaa kofia yake ya pama, akatembea kwa mguu wake wa kushoto uliokuwa ukichechemea kidogo, akauzunguka mzabibu ule na kutangaza kwa sauti ya kusikika hadi kisimani, "Nikipogoa mimi, hata jiwe huchipua." Sechelela alimjibu kutoka jikoni, "Basi kapogoe mawe, utuachie mizabibu." Waliishi hivyo, wakitaniana na kupendana, mpaka wakazeeka.

Mungu hakuwajalia mtoto. Na katika Chilolwa jina la babu hupewa mjukuu. Babu anazikwa leo, kesho kutwa unasikia bibi mmoja anapiga kelele uani, "Wewe Fulani, shuka kwenye paa la watu," na Fulani ni yule yule babu, amerudi na meno ya maziwa. Ndivyo watu wa pale wanavyokufa bila kwisha. Ndahani alilisema jambo hilo kwa kucheka. Sechelela hakucheka, kwa sababu alijua siku moja mumewe atakufa na kwisha kabisa.

Ikafika siku, Ndahani akafa.

Sasa hapa niwakumbushe kitu, kwa wale waliokulia mjini. Msibani, mtani ana kazi yake. Wengine wakilia, yeye huchekesha. Huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake na maneno yake, hunyakua kitu chochote anachokitaka, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umeharibu msiba.

Mtani wa ukoo wa Ndahani aliitwa Masagasi. Walikuwa wameibiana kuku na kutukanana kwa raha tangu utotoni, na hapakuwa na mtu Chilolwa aliyempenda Ndahani kama Masagasi, ukimtoa Sechelela. Siku ya matanga Masagasi akavaa kofia ya pama ya marehemu. Akavaa koti lake. Akachechemea kwa mguu wa kushoto, hadi wafiwa wakaanza kucheka huku kamasi zinawatoka. Akachukua panga, akauzunguka mzabibu ule wa uani. Akatangaza, "Nikipogoa mimi, hata jiwe huchipua." Akainua panga akate kijitawi kimoja tu, watu wacheke, yaishe.

Lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mtu haoni vizuri kupitia machozi. Panga likashuka kwenye shina. Likakata shina lote, usawa wa goti.

Mzabibu ukaanguka. Kicheko kikakatika. Watu wote wakamgeukia Sechelela.

Sechelela alitazama kisiki, akamtazama mtani, akasema maneno ambayo mila ilimtaka ayaseme. "Mtani, umepogoa vizuri." Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Kisiki kikakaa. Msimu huo hakikutoa kitu. Watu wakamshauri aking'oe apande mzabibu mwingine, naye akawajibu ameshasikia. Kila asubuhi alikimwagia maji aliyooshea vyombo, na kisima cha Chilolwa hakiko karibu, maji yale yalikuwa yamepanda mlima kichwani kwake. Akimwaga, alisema, "Ndahani, kunywa." Halafu alikaa kidogo kabla ya kuondoka, kama mtu anayengoja kikombe kirudishwe.

Mvua za pili zilipokuja, kisiki kikatoa chipukizi. Moja tu, kutoka chini kabisa, chini ya jeraha la panga. Sechelela alifurahi siku nzima. Furaha ikapungua alipoona linakoelekea. Chipukizi halikuja upande wake. Lilipenya kwenye minyaa, likatokeza upande wa pili, likajinyoosha juani katika shamba la Chedego. Labda lilifuata jua. Labda lilichoka na msiba, nani ajuaye. Upande wa Sechelela pakabaki kisiki na maji ya vyombo, upande wa Chedego pakawa na majani.

Huyu Chedego alikuwa mjane mwanamume, mkewe alishatangulia zamani. Watoto wake walikuwa Dodoma mjini, wajukuu walikuja likizo, na mmoja wao ndiye Chedego mdogo, mtundu kuliko mbuzi. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwita Sechelela "shemeji" kwa ajili ya Ndahani, na Sechelela alimwita "shemeji" kwa ajili hiyo hiyo. Tangu msiba, Sechelela hakuwahi kuvuka ua ule. Nyayo za mjane katika Chilolwa huhesabiwa, na wahesabuji hawachoki.

Basi ikawa hivyo. Sechelela akamwagia shina, Chedego akaliwekea tawi miti ya kuliinua, Masagasi akapita njiani akiimba.

Tawi likazaa. Asubuhi moja Chedego alikwenda kuangalia vichala, akakuta vimekuwa vyeusi. Akadhani ni ugonjwa. Akachuma tunda moja, akalipasua kwa kidole: ndani palikuwa na wekundu mzito, wa kukolea. Akalionja. Akakaa chini palepale kwenye tuta, kwa sababu kuna vitu mtu havionji amesimama.

Kisha akaweka kichala kwenye kikapu, akafunga kikapu kwenye ncha ya ufito mrefu, akakipitisha juu ya ua.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Mzabibu wako umevaa nguo za msiba."

Sechelela akakipokea kikapu. Akatazama, akageuza, akala moja. Upande wa pili Chedego alingoja. Alingoja sana.

"Shemeji, umekula?"

"Nimekula."

"Unasemaje?"

"Nasema Ndahani alikuwa anatuficha kitu."

Katika Chilolwa kilichovuka ua ni cha aliyevukiwa. Muwa ukiinamia kwa jirani, jirani anautafuna. Kwa hiyo zabibu zile zote zilikuwa za Chedego, na hapakuwa na wa kumdai hata punje. Lakini kila msimu kikapu kilipita juu ya ua, na kila msimu kilikuwa na nusu ya mavuno, na kama Chedego alikosea kugawa, alikosea kwa kuzidisha. Watu wakazizoea zile zabibu nyekundu za uani. Sechelela akamwagia shina, Chedego akafukuza ndege, Masagasi akapita njiani akiimba.

Halafu mvua ikagoma. Huo ulikuwa mwaka wa kula mbegu. Maji ya kuoshea vyombo yakawa machache kwa sababu vyombo vyenyewe havikuwa na cha kuchafuliwa nacho. Sechelela aliendelea kugawana na kisiki chake, kikombe chako, kikombe changu. Wakaja mchwa. Akawawekea majivu. Wakapita chini ya majivu. Akachimba, akawamwagia maji ya tumbaku. Mchwa wana subira kuliko mjane.

Asubuhi moja aliinama kumwaga maji, akashika kisiki kwa mkono ili asianguke. Kisiki kikalala. Ndani kilikuwa unga mtupu.

Sechelela akakaa chini akalia. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya matanga, kwa sababu siku ile palikuwa na mtani wa kumchekesha. Jina la Ndahani lilikuwa limebaki mahali pamoja tu duniani, pale alipokuwa akiliita kila asubuhi, na sasa pale pamekuwa udongo.

"Shemeji," ikaita sauti ng'ambo ya ua. "Pita huku."

"Sipiti."

"Pita. Mwaka huu watu wana njaa, hawana nguvu za kukusema."

Sechelela akajifuta kwa khanga, akapita penye upenyo, minyaa ikamkwaruza mabega. Chedego akampeleka kando ya tuta. Tawi lile lilikuwa bichi. Mahali fulani lilikuwa limelazwa chini, limefunikwa udongo, juu yake jiwe, kisha limeinuka tena na kuendelea na safari yake. Chedego akaliondoa jiwe, akafukua kwa vidole. Chini pale tawi lilikuwa limeota mizizi yake lenyewe, minene, inayojitegemea.

"Ulililaza lini?"

"Siku nyingi. Kabla ya mvua kugoma."

"Kwa nini hukuniambia?"

Chedego akaurudisha udongo polepole. "Ningekuambia, ungeniuliza kwa nini nimelilaza. Na mimi sikuwa na jibu la kumpa mke wa Ndahani."

Sechelela alielewa. Akajifanya hakuelewa, akauliza kama mbolea ni ya mbuzi au ya ng'ombe, naye Chedego akajibu ni ya mbuzi, wakaachana kwa salama.

Njaa ilipopita, Chedego alikata vipande vya mzabibu ule akampa kila aliyeomba, na aliyeomba kwanza alikuwa Sechelela. Vikashika. Zabibu nyekundu zikaenda shamba hadi shamba. Ndipo zikamfikia Agripina, mwanamke aliyekuwa akitengeneza mvinyo nyuma ya nyumba yake, kwenye mapipa yaliyokuwa safi kuliko sahani za watu wengine. Mvinyo wake mweupe ulijulikana kwa kuleta usingizi. Ule mwekundu, watu walipouonja, hawakulala. Walikaa wakakumbuka watu wao. Wanunuzi wakaja kutoka Dodoma, wakaonja, kisha kila mmoja akauliza swali lile lile. "Hii ni zabibu gani? Inaitwaje?"

Agripina akachoka kusema haina jina. Kitu kizuri kisicho na jina, mtu wa kwanza kutoka mbali atakipa jina la kwao. Akasema, "Mzabibu huu tutaupa jina kama tunavyompa mtoto."

Mnajua Chilolwa wanavyompa mtoto jina? Mama mmoja hukabidhiwa kikombe cha kwanza cha pombe ya siku hiyo. Wote wanaodai haki ya kumtaja mtoto husema, naye husikiliza. Akishasikiliza, humpa kikombe yule anayestahili, au hukinywa mwenyewe kama haki ni yake. Anayekinywa ndiye anayetamka, na likishatamkwa limetamkwa. Hakuna rufaa.

Siku ikapangwa. Watu wakajaa uani kwa Agripina. Akaujaza mvinyo kikombe kimoja, akampa Sechelela, kwa kuwa shina lilikuwa la nyumba yake. "Mama, kishike wewe. Ila wasikilize wote."

Sechelela alishika kikombe kwa mikono miwili, akaanza yeye.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema. "Mume wangu aliupanda. Ulipokatwa mkaniambia niung'oe. Nani aliumwagia maji ulipokuwa hauna hata jani? Tawi lilikwenda kujipendezesha kwa jirani, lakini lilikuwa likinywa kwangu. Hata mizizi iliyoota ng'ambo ya ua iliota kwa maji niliyoyabeba kichwani. Mimi sikuzaa. Sina mjukuu wa kumwita Ndahani. Nikifa mimi, hilo jina halitamkwi tena na mtu yeyote. Mnipe hili tu. Uitwe Ndahani."

Watu wakaguna, na kinamama kadhaa wakatafuta pembe za khanga zao. Wengi walidhani yamekwisha.

Masagasi akasimama. Alikuwa mzee sasa, na kofia ya pama aliyoinyakua msibani ilikuwa bado kichwani kwake, imebaki nyuzi.

"Mtani, nimekusikia," akasema. "Lakini mzabibu ule ulikuwa unazaa nini mwenzetu alipokuwa hai? Nyeupe. Uliendelea kuzaa nini miaka yote alipokuwa akiupogoa na kujisifu? Nyeupe. Ule wekundu ulikuwa umelala chini kwenye shina, na ungelala mpaka leo. Nani aliuamsha? Mtoto huja duniani kwa mkunga, na mkunga hana kazi bila wembe." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Siku ile uliniambia nimepogoa vizuri. Mtani hakasirikiwi, na kwa sababu hakasirikiwi, hasamehewi pia. Utamsamehe vipi mtu ambaye hujamkasirikia? Nimepita njia ile miaka yote hii naimba, kwa kuwa sikuruhusiwa kusema pole. Nilikuwa nataka kumlilia rafiki yangu, nikamkatia mzabibu wake. Uitwe Mtani. Kila atakayekunywa atauliza maana yake, ataambiwa habari yangu, atanitukana. Hapo nitapumzika."

Sasa watu wakaanza kugawanyika. Mzee mmoja akasema huyu naye ana lake. Sechelela aliinamia kikombe. Hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba nyimbo zile za njiani zilikuwa kilio.

Chedego akasimama mwisho, na kwa sababu alikuwa mtu wa maneno machache, watu wakanyamaza ili wasiyapoteze.

"Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," akasema. "Kisiki kililiwa na mchwa, mnajua. Hakuna mzabibu mwekundu hata mmoja katika kijiji hiki uliotoka upande ule wa ua. Yote imetoka kwenye tawi nililolilaza mimi. Na kwa mila, kilichovuka ua ni cha aliyevukiwa. Kwa hiyo haki ni yangu, na sitaki kuutia jina langu. Jina langu linapanda juu ya mapaa ya watu kila likizo."

Watu wakacheka, wakimfikiria Chedego mdogo.

"Uitwe Sechelela," akasema Chedego.

Hapo hakuna aliyecheka. Mwenye jina akainua uso.

"Kila asubuhi nilikuwa upande wangu wa ua, nasikia, 'Ndahani, kunywa.' Mvua ikinyesha, 'Ndahani, kunywa.' Njaa ikiingia, 'Ndahani, kunywa.' Nikasema moyoni, Ndahani ana bahati, amekufa na bado anakaribishwa. Lakini yeye anayemkaribisha hana mtoto vilevile. Hana mjukuu vilevile. Siku akiondoka, nani atasimama mahali asubuhi amwambie, 'Sechelela, kunywa'? Nililaza tawi kwa ajili hiyo. Uliniuliza, shemeji. Jibu ndilo hilo."

Akakaa.

Upepo wa Chilolwa, usiojua adabu, siku hiyo ulitulia kidogo. Sechelela alibaki amesimama katikati ya uwanja wa Agripina na kikombe mkononi. Akikinywa mwenyewe, mumewe atatajwa kwenye kila meza kutoka Chilolwa hadi Dodoma, hatakwisha tena, na mzee mmoja aliyengoja ng'ambo ya ua atakuwa ameshapata jibu lake. Akimpa Masagasi, mtani atapumzika, naye atakuwa ametoa msamaha ambao mila haikumpa nafasi ya kuutoa. Akimpa Chedego, ataitwa yeye, kila asubuhi, hata akishalala chini, na kijiji kizima kitajua amekubali kuitwa na nani. Na yule wa kwenye kisiki atanyamaza milele.

"Mama," akasema Agripina taratibu, "mvinyo unangoja."

Sechelela akapiga hatua moja.

Mimi naishia kwenye hatua hiyo. Nimeisimulia hadithi hii kwenye nyumba nyingi, na nimeona mume na mke wakilala bila kuagana kwa ajili yake. Mmwaga maji yuko hapa, mlaza tawi yuko hapa, mshika panga yuko hapa, na kikombe ni kimoja. Nanyi mmesikia yote aliyoyasikia yeye.

Haya, semeni: mama yule akimpe nani?